Simu nyembamba au simu inayokaa na chaji? Namna ya kuchagua kabla hujatoa hela, hasa kama uko Dodoma

Wiki iliyopita kuna dada kaja hapa mezani kwangu Majengo, mtumishi wa kule Mji wa Serikali, Mtumba, ana simu kali kweli, nyembamba mpaka unaweza ukaisahau ndani ya daftari, sasa nyuma yake kaifunga pawabenki kwa zile raba za kufungia noti. Namuuliza dada, hii ndo fasheni gani? Akacheka, "Fundi we acha tu, bila hivi saa nane mchana nishazima." Nikachukua rula nikapima vyote kwa pamoja, sentimita mbili na ushee. Nokia 3310 ile ya mwaka 2000 ilikuwa na unene wa milimita 22 na watu tukaiita tofali, kwa hiyo dada wa watu katoa hela ndefu anunue wembamba halafu kila siku anatembea na tofali lake, tena lenye waya unaning'inia.

Na sio yeye tu. Wanaokuja na lile neno la "fundi simu yangu inakunywa chaji", wengi nikiifungua simu haina ugonjwa wowote, imetengenezwa hivyo hivyo, tatizo lilianzia dukani siku ile anaishika mkononi anasema duh jinsi ilivyo laini. Mchana huu jua linawaka wateja hakuna, ngoja niandike. Mi ni fundi, sio mwandishi, ntaandika kama ninavyoongea.

Kitu kimoja ukikishika hiki mengine yote yatakuja yenyewe: ndani ya simu hakuna nafasi ya bure. Nimefungua simu nyingi sana na sijawahi kukuta pengo hata la kuweka punje ya mtama. Kila kitu kinagombania nafasi, betri, kamera, spika, sistimu chaji (yaani lile tundu la kuchomeka chaja), kile kimota cha mtetemo, kwa hiyo mwenye kiwanda akikuambia safari hii tumeipunguza unene, usimpigie makofi kwanza, muulize umetoa nini.

Anza na soketi, simu baadaye

Kabla hujaingia duka lolote pale Barabara ya Saba, kaa chini ujiulize wewe kwa siku unakaa masaa mangapi mbali na soketi. Sio masaa unayotumia simu, masaa ya kuwa mbali na umeme. Mtu wa ofisini ana soketi pembeni ya kompyuta, huyo hata akinunua simu yenye betri dogo hatalia sana. Mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anayetoka hosteli asubuhi anazunguka madarasani mpaka jioni na kila soketi ya lekcha ina watu wanne juu yake, huyo ni habari nyingine. Dereva bajaji anayewasha ramani na data siku nzima ni habari nyingine tena. Halafu kuna bwana shamba anayelala Bahi siku tatu kwenye skimu za mpunga, huyo hata usimwambie habari ya milimita.

Fanya hivi kwa simu uliyonayo sasa, siku tatu tu. Asubuhi ukiichomoa kwenye chaji andika saa, halafu ikifika asilimia 20 andika saa tena. Usiku ingia kwenye mipangilio, sehemu ya betri, itakuonesha kioo kimewaka masaa mangapi na programu ipi imekula zaidi. Hapo utapata picha yako halisi na sio ile ya mtu wa YouTube anayekaa nyumba yenye waifai na mtandao umejaa mpaka juu.

Nimesema mtandao kwa makusudi. Simu ikiwa sehemu yenye mtandao hafifu inaongeza nguvu ya kutafuta mnara, na hiyo inakula chaji vibaya mno. Simu ile ile inayomaliza siku hapa mjini, ukienda nayo kule milimani Mpwapwa inazima saa tisa, unadhani betri limekufa kumbe inahangaika na mnara. Ukiwa huko weka hali ya ndege kama husubiri simu ya mtu, au ishushe itumie 3G au 2G peke yake, utanikumbuka. Kama siku zako nyingi ni za namna hiyo basi ongeza hesabu yako ya betri kabla ya kununua.

Ukimaliza hizo siku tatu utajua uko kundi gani. Kama unarudi nyumbani na asilimia 40 kila siku, hongera, nunua nyembamba unayotaka, una haki. Kama saa tisa mchana tayari unaomba chaja kwa jirani, endelea kusoma.

Namba za betri, usipigwe

Dukani watakwambia mAh, yaani miliampea-saa, kipimo cha chaji inayokaa ndani ya betri. 5000 mAh, 6000 mAh. Hizo zinalinganishika simu kwa simu maana karibu zote betri zake zina volti za kufanana, kama 3.85 hivi. Ukizidisha 5000 mAh kwa 3.85 ugawe kwa 1000 unapata wati-saa 19 na kidogo, na wati-saa ndo mzigo wenyewe wa umeme ulioko ndani. Nakwambia hii kwa sababu ya pawabenki. Pawabenki ya 20,000 mAh imepimwa kwa volti 3.7, hiyo ni wati-saa 74, na kuna umeme unapotea kama joto wakati inasukuma kwenda kwenye simu, kwa hiyo simu ya 5000 mAh itaijaza kama mara tatu, sio nne kama hesabu ya haraka haraka inavyokudanganya. Na pawabenki iliyoandikwa 50,000 halafu nyepesi kama kiberiti, we iache hapo hapo mezani kwa mwenyewe. Betri lina uzito, hakuna namna. Nishawahi kufungua moja nikakuta betri moja dogo na kimfuko cha mchanga, sasa mchanga si tungechota tu hapa Dodoma bure jamani.

mAh peke yake nayo haitoshi. Kioo kikubwa na chenye mwanga mkali kinakula, prosesa ya kizamani inakula. Kuna simu ya 5000 inashindwa na simu ya 4500. Ila kama unalinganisha simu mbili za kampuni moja mwaka mmoja, mAh inakwambia ukweli.

Huo wembamba unatoka wapi sasa

Chukua mfano wa Samsung wenyewe mwaka 2025, maana walitoa simu mbili zenye kioo cha ukubwa mmoja, inchi 6.7. Galaxy S25+ ina unene wa milimita 7.3 na betri la 4900 mAh. Galaxy S25 Edge ina milimita 5.8 na betri la 3900. Umeona hapo? Milimita moja na nusu imeondoka na 1000 mAh nzima, yaani moja ya tano ya betri, na ile kamera ya kuvuta vitu vya mbali nayo ikaachwa nyumbani. Apple nao mwaka huo huo wakatoa iPhone Air, milimita 5.6, betri kama 3149 mAh, kamera moja nyuma na spika moja tu pale juu. Sio kwamba hawajui kutengeneza spika mbili, ni nafasi.

Sababu ni hii. Kioo cha mbele na mfuniko wa nyuma vina unene wao ambao haupungui kirahisi, ukivipunguza vinapasuka. Kwa hiyo ukitaka kuikata simu milimita moja na nusu huwezi kugawa sawa sawa kwamba kila kitu kitoe kidogo, karibu yote inatolewa kwenye betri kwa sababu ndo lenye tumbo. Ni kama kumpunguza mtu kiuno, mifupa haipungui.

Kamera nayo haikubali. Lenzi inahitaji umbali kutoka kwenye kile kipande kinachonasa picha, ndo maana simu zote nyembamba zina nundu kule nyuma, na ukiisoma ile milimita 5.6 kwenye tangazo ujue wamepima sehemu isiyo na nundu. Ukiweka mezani inacheza kama meza yenye mguu mfupi. Halafu unaivalisha kava kwa sababu unaogopa kuivunja, na kava lenyewe lina milimita mbili, basi umerudi pale pale, tofauti ni kwamba sasa ile nafasi imejaa plastiki badala ya betri. Hii huwa inaniuma sana sijui kwa nini.

Nguvu pia. Mwaka 2014 iPhone 6 Plus ilikuwa milimita 7.1, watu wakaikalia kwenye mfuko wa nyuma wa jinzi ikapinda, ikawa stori dunia nzima. Simu za siku hizi wanatumia titani na vyuma vigumu zaidi hazipindi kijinga, ila hiyo titani unailipia wewe. Na mwaka 2016 Galaxy Note 7 zikawa zinawaka moto mpaka zikarudishwa zote kiwandani na ndege zikazikataa, uchunguzi walioutoa Januari 2017 ukaonesha betri za awamu ya kwanza zilikuwa zimebanwa kwenye kona, nafasi haikutosha, na za awamu ya pili zikawa na kasoro za uchomeleaji. Betri la lithiamu linapumua jamani, linataka kanafasi kidogo.

Haya sio kwamba unene ndo mzuri tu. Kuna jamaa waliwahi kuonesha simu yenye chapa ya Energizer mwaka 2019, betri 18,000 mAh, unene milimita 18, wakaomba watu wachangie ili itengenezwe na watu wakakataa kuchangia. Kila mtu anasema anataka betri kubwa mpaka aletewe bidhaa yenyewe aishike. Kwa hiyo usijidanganye na wewe, kama unajua mkono wako mdogo na mfuko wako wa gauni ni mfupi, simu ya gramu 230 utaichukia ndani ya wiki mbili.

Kuna njia ya katikati imekuja miaka hii, betri zenye silikoni na kaboni upande wa hasi. Zinashika umeme mwingi kwenye nafasi ile ile, ndo maana sa hivi unaona simu za Kichina zina 6000 au 7000 mAh na bado hazijanenepa. Shida ya silikoni ni kwamba inavimba na kunywea sana wakati wa kuchaji, wakaichanganya kidogo kidogo ili isilete shida. Mi nazipenda ila sijakaa nazo miaka minne mezani kwangu, na mimi huwa naamini kitu baada ya kukifungua kikiwa kizee.

Tundu la chaji, hapa ndo kazi yangu inapoanzia

Kama kuna kitu kinanilipia kodi ya meza ni sistimu chaji. Vumbi la Nkuhungu na Chang'ombe likichanganyika na nyuzi nyuzi za mfukoni linashindiliwa na waya kila siku mpaka linakuwa kama gundi ngumu, mtu anakuja anasema fundi simu haipokei chaji mpaka niishikilie hivi, nachokonoa natoa kitu kama kipande cha blanketi, simu inapona. Nachaji buku mbili na roho inanisuta.

Tuanze na historia fupi. Wazee wenzangu mnakumbuka kila simu na chaja yake, Nokia pini nene na baadaye pini nyembamba, Samsung yake, Motorola yake, ukienda msibani Kondoa ukasahau chaja umekwisha. Ikaja maikro USB ikaleta nafuu, ila ilikuwa na upande, usiku gizani unaichomeka kwa kubahatisha mpaka unaing'oa. Taipu C ilitangazwa 2014, ina miguso 24 na inaingia upande wowote. Apple wao walikaa na tundu lao wenyewe la Lightning toka 2012 mpaka iPhone 15 ilipotoka Septemba 2023 na taipu C, na kilichowasukuma zaidi ni sheria ya Umoja wa Ulaya inayotaka kila simu mpya inayouzwa kule iwe na taipu C kuanzia tarehe 28 Disemba 2024. Ulaya ni mbali na Majengo ila viwanda havitengenezi simu mbili kwa ajili yetu, kwa hiyo na sisi tukafaidi.

Sasa kimuundo kuna tofauti ambayo watu hawaijui. Lightning, ule ulimi wenye miguso uko kwenye waya, tundu la simu liko wazi, kwa hiyo kulisafisha ni rahisi na waya ukivunjika unatupa waya. Taipu C ulimi uko ndani ya simu, katikati ya tundu, kembamba kweli. Ukichokonoa na pini ya chuma au sindano ukauvunja huo ulimi umeshanunua sistimu chaji mpya. Tumia kijiti cha meno, simu ikiwa imezimwa, pitisha pembeni pembeni kando ya ulimi taratibu, usisukume kwenda ndani, vuta nje. Usipulize kwa mdomo, unatia mate. Spiriti weka tone kwenye brashi laini sio kwenye tundu. Faida ya taipu C ni kwamba zile springi zinazochoka zimewekwa kwenye waya, kwa hiyo ukiona waya unalegea jaribu waya mwingine kwanza kabla hujanikimbilia mimi, mara nyingi waya ndo umechoka, tundu bado zima.

Na tundu la taipu C lenyewe lina kimo chake, kama milimita mbili na nusu na kidogo kwa shimo peke yake, bado kuta zake. Ndo maana simu haziwezi kwenda nyembamba milele, zile za kukunja zimeshakaribia mwisho, Oppo Find N5 ikifunguliwa ina milimita 4.21 na pale kwenye tundu la chaji pa kukata pamebaki padogo sana. Tundu la hedifoni lilikuwa na milimita 3.5 kwa shimo peke yake ndo maana likawa la kwanza kufukuzwa, Apple walilitoa 2016 kwenye iPhone 7 na wengine wakafuata. Kama wewe ni mtu wa hedifoni za waya za buku tano kama mimi, angalia tundu lipo kabla ya kulipa, simu nyingi za bei ya chini za Tecno, Infinix na itel bado wanaliweka.

Halafu jambo linalowachanganya wengi: tundu kufanana sio chaji kufanana. Simu imeandikwa wati 45 au 67, unaichomeka kwenye chaja ya taipu C ya rafiki yako inaenda pole pole, unasema chaja feki. Sio lazima. Kampuni nyingi zina lugha yao ya kuchaji haraka, simu na chaja zisipoelewana zinarudi kwenye kasi ya chini ambayo kila mtu anaijua. Ukitaka chaja moja ya nyumba nzima tafuta iliyoandikwa PD (Power Delivery, lugha ya pamoja ya kuchaji haraka), na simu nayo iwe inakubali PD, uliza na ujaribu hapo hapo dukani. Waya pia una uwezo wake, ukivuka wati 60 waya unatakiwa uwe na kichipu ndani kinachosema mi nabeba ampea tano, waya wa elfu tatu hauna hicho.

Na ile nyingine, ya vitu vya bei rahisi, tochi, mashine ya kunyolea, spika ndogo, hata vitochi vingine, yaani zile simu ndogo za batani. Vina tundu la taipu C lakini ukichomeka waya wa C pande zote mbili havichaji, vinachaji na ule waya wa kizamani wenye USB pana upande wa chaja. Havijaharibika. Kiwanda kimebana hela hakijaweka rezista mbili ndogo ambazo chaja inazitafuta ili ijue kuna kitu kimechomekwa. Watu wameshanirudishia vitu vizima kabisa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usitupe waya wa zamani.

Kumbuka pia boksini siku hizi chaja hamna kwa simu nyingi za bei kubwa, Apple walianza na iPhone 12 mwaka 2020, Samsung wakafuata na S21. Hiyo chaja og (orijino) weka kwenye bajeti toka mwanzo, sio unamaliza hela yote halafu unanunua chaja ya kwenye foleni. Chaja ikiwa nyepesi sana, maandishi yake yana makosa, au ikishika moto mpaka huwezi kuishika, usiilaze na simu yako. Na umeme ukikatika chomoa, ukirudi subiri dakika chache ndo uchomeke.

Chaji ya kuweka juu bila waya sitaisemea sana, inataka koili yenye unene wake, inapoteza umeme kwa joto, na sisi joto tunalo la kutosha.

Jua la kwetu

Betri la lithiamu linazeeka kwa joto kuliko kitu kingine. Apple wenyewe wanasema ikizidi nyuzi 35 betri linaweza kupungua uwezo moja kwa moja. Sasa Oktoba na Novemba hapa kwetu, simu imelala juu ya dashibodi pale Sabasaba imefungiwa vioo, hesabu mwenyewe. Simu nyembamba inaumia zaidi maana haina mwili wa kutawanya joto, utaona inapunguza mwanga na inafanya kazi pole pole yenyewe ukiwasha kamera juani. Mipangilio ikikuruhusu kuzuia chaji iishie 80, iwashe kama unakaa karibu na soketi. Kama hukai karibu na soketi jaza tu hadi 100 uende zako, betri limetengenezwa litumike.

Boda boda, nyie mna lenu. Mwaka 2021 Apple walitoa onyo kwamba mtetemo mkali wa injini ya pikipiki unaweza kuharibu kamera zenye kile kitu cha kutuliza picha, kwa hiyo ukifunga simu kwenye usukani tafuta kishikio chenye mpira wa kumeza mtetemo, au chukua simu ya bei ndogo ndo uifunge pale. Na iwe nene, nani anaangalia wembamba akiwa juu ya pikipiki.

Ukiwa dukani

Usiishike na kava la maonesho wala usiishike peke yake, ishike ukiwa umeivalisha kava utakalotumia kweli. Toa waya wako wa nyumbani mfukoni, chomeka, tikisa kidogo uone kama chaji inakatika. Piga *#06# upate IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, itume kwa ujumbe kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uone jina la simu linalorudi ni la simu uliyoishika, toka Juni 2016 zile feki zilianza kufungiwa na bado kuna watu wanauziwa.

Kama ni simu ya mtumba, na sisemi Mtumba ya serikali, ilaze kifudifudi juu ya kioo cha meza halafu izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia ujue betri limeanza kuvimba linasukuma kioo. Kwa iPhone angalia afya ya betri, chini ya 80 hesabu gharama ya betri jipya humo humo kwenye kupatana bei. Na muulize fundi, sio muuzaji, betri la simu hiyo linapatikana Dodoma au linaagizwa Kariakoo, na linatokaje. Simu nyembamba betri ni laini kama chapati na limegandishwa kwa gundi, kulitoa bila kulitoboa ni kazi ya nusu saa na jasho. Ulaya kuanzia Februari 2027 wanataka mtu aweze kubadilisha betri mwenyewe, sijui hiyo siku mimi ntakula nini lakini kwa mteja ni nzuri.

Kuna mzee mmoja wa Mvumi alikuja kuniuliza anunue simu gani ya kisasa yenye kukaa na chaji wiki nzima. Shikamoo mzee, nikamwambia hiyo haipo. Akatoa kitochi chake mfukoni akanionesha, "Hii nini?" Tukacheka wote. Mwisho alichukua simu janja ya bei ya kawaida ya 5000 mAh kwa ajili ya WhatsApp ya watoto wake, kitochi akabaki nacho kwa kupiga na M-Pesa. Simu janja anaiwasha jioni tu. Kwa mtu wa kijijini anayechajisha kwenye kibanda cha sola sijaona mpango unaoushinda huo, wala hauhitaji simu ya milioni.

Yule dada wa Mtumba nilimshauri asiuze simu yake, angepata hasara. Nikamwambia aache chaja ya PD ofisini na nyingine nyumbani, mchana akienda kula aiache kwenye umeme nusu saa, maana betri likiwa chini linapokea chaji haraka, likikaribia kujaa ndo linakuwa pole pole. Jumatatu kanitumia meseji saa kumi na moja jioni, asilimia 34, bila pawabenki. Raba zake za noti kaziacha hapa mezani, nimefungia vifuniko vya simu za watu ambao hawajaja kuchukua. Kama na wewe ni mmoja wao njoo, niko hapa mpaka saa moja usiku, Jumapili nafungua baada ya ibada.